Kona ya Dada: Kabla Hujanunua Stata Nyingine

Leo naongea na nyie wenye pikapu za dizeli, mnaoshusha kabichi na njegere kutoka Nyandira na Langali, na wale wa Kinole wenye ndizi na mananasi yanayowahi soko la Chifu Kingalu. Nimegundua kwamba gari likigoma alfajiri, neno la kwanza ni "stata imekufa", la pili ni kuulizana bei. Ngoja kwanza. Mara nyingi stata ni nzima, au kilichokwisha ni kidude kidogo ndani yake.

Anza kwa kusikiliza. Ukigeuza ufunguo ukasikia tiktiktik ya harakaharaka na taa za dashibodi zinafifia, shuku betri na waya zake. Betri nzima ya volti 12 ikiwa imetulia husoma kama 12.6. Mwambie fundi aache mita hapo hapo wewe upige stata. Ikiporomoka chini ya 9.6 hivi, hiyo betri imechoka au haichajiwi. Kama namba ni nzuri, fungua vichwa vya betri, osha ule unga wa kijani kwa maji ya moto, kaza. Kisha fuata waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Barabara ya kutoka Sangasanga kupanda Mgeta wakati wa masika mnaijua wenyewe. Tope lile likiingia kwenye nati ya waya huo likakauka, likarudi tena likakauka, kutu inajenga nyumba.

Sasa kuna tik moja, nzito, halafu kimya. Betri iko sawa, taa zinawaka vizuri. Unajaribu tena na tena, mara linawaka kama halikuwa na neno, kesho linarudia. Hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Kwenye stata za Denso, ambazo ndizo zilizofungwa kwenye Hilux nyingi za dizeli, mna vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi. Ukipiga stata, kisahani cha shaba kinasukumwa kuviunganisha ili umeme mkubwa upite, na kila mara cheche inavila kidogo. Vikishaliwa upande mmoja, kisahani hakigusi sawasawa. Vipande hivyo vinauzwa peke yake, na fundi umeme anayejua kazi anavibadilisha bila kukuuzia stata nzima. Kaboni, zile brashi za ndani ya stata, nazo hubadilishwa peke yake. Ule ujanja wa utingo kuingia uvunguni na kugonga stata kwa spana hadi gari liwake, mara nyingi ni dalili kwamba kaboni zimekwisha. Kugonga siyo matibabu!

Stata ikizunguka kwa kelele lakini injini haigeuki, bendeksi, ile gia ndogo ya stata inayoshika meno ya flaiwili, inateleza. Ikikwaruza kama inatafuna chuma, kuna meno ya bendeksi au ya flaiwili yamekwisha. Na kama injini inazunguka kwa nguvu ila haiwaki, iache stata yako kwa amani: tafuta hewa kwenye njia ya dizeli, au plagi za kupasha joto, maana kule juu Mgeta mwezi wa saba baridi haina utani. Subiri taa ya njano ya plagi hizo izime ndipo upige. Na usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10. Pumzisha nusu dakika au zaidi ndipo urudie. Dizeli haina plagi za cheche, inawaka kwa kubana hewa hadi ichemke, kwa hiyo stata yake hufanya kazi nzito na hupata moto upesi.

Lipo jambo linaniudhi, niseme. Ni ile tabia ya kuegesha gari mtelemkoni usiku kwa sababu stata ni mbovu, asubuhi unaliachia na mzigo wote nyuma ili liwake kwa gia. Kwenye injini za Hilux kama 2L, 3L na 5L, pampu ya upepo wa breki iko nyuma ya altaneta. Injini isipozunguka, nayo haizunguki. Utakanyaga breki mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani nao unakuwa mzito, wakati mbele yako kuna kona na korongo. Pia betri ikiwa imekufa kabisa, swichi ya umeme inayofungulia mafuta kwenye pampu haifunguki, kwa hiyo unaweza kuteremka hadi chini na gari lisiwake.

Ikibidi kubadilisha kweli, waya wa hasi utolewe betrini kwanza na urudishwe mwisho. Ule waya mnene wa kwenye stata huja moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa kawaida bila fyuzi. Spana ikigusa bodi hapo, ni moto. Stata ikishatoka, fundi amulike ndani ya tundu lake na kuizungusha injini kwa mkono, mkague meno ya flaiwili mzunguko mzima, kwa sababu bendeksi mpya kwenye meno mabovu haitadumu. Sehemu stata inapokaa isuguliwe ing'ae, umeme wa hasi unapita hapo. Na kama kuna oili inayovujia stata, izibwe. Wa kuosha injini, waambie wasielekeze pampu ya maji kwenye stata.

Ukinunua ya mtumba, nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha matundu ya bolti, idadi ya meno ya bendeksi, na volti, kwa sababu baadhi ya Land Cruiser za dizeli ni za volti 24. Ibanwe kwenye jiliwa na kuunganishwa na betri mbele ya macho yako, uone bendeksi inachomoka na kuzunguka bila kusita. Muuzaji akikataa kuipima, usimpe hela yako, mdogo wangu. Nenda duka la pili.