Kwa Mnaokabidhiwa Funguo za Tangi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mmechaguliwa kuongoza chombo cha maji cha kijiji. Kabla hamjapokea funguo, yashikeni haya.

Msiahidi maji ya bure. Anayeomba kura kwa ahadi hiyo mnyimeni kura. Nchi yetu, Tanzania, ilishayajaribu. Tangu katikati ya miaka ya 1960 serikali ilibeba gharama za maji vijijini, na mwaka 1971 ukaanza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulipofika, vijiji vingi vilikuwa na vituo vikavu na mashine za dizeli zilizosimama kwa kukosa spea. Sera ya mwaka huo ndiyo iliyowataka wananchi wachangie na wawe na kamati na mfuko wao wa maji. Waliozeeka wakibeba ndoo kichwani kupita bomba lililokufa wanaijua historia hii kuliko mimi.

Bei ipangeni kwa hesabu. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Andikeni gharama zote za mwezi: umeme au mafuta, mshahara wa fundi, malipo ya wauzaji vituoni, dawa ya maji. Kisha ongezeni akiba ya pampu itakayokufa, maana itakufa. Wenye mitambo ya sola ndio wanaojidanganya zaidi: wanashusha bei hadi karibu na bure kwa kuwa jua halilipiwi, halafu inverta inaungua na mfukoni hamna kitu. Jua halitawanunulia inverta.

Asiyejiweza asamehewe hadharani. Majina ya wazee na wagonjwa wasio na msaada yapitishwe na mkutano na kuandikwa. Msimwachie muuzaji wa kituoni aamue nani achote bure, kwani ataanza na shemeji yake.

Fedha isilale nyumbani kwa mtu, hata awe mchungaji au shehe. Iende benki, na isitoke bila saini za watu zaidi ya mmoja. Msiikopeshe serikali ya kijiji. Msiitumie kununulia mbuzi wa kumpokea mgeni yeyote, hata mgeni huyo akiwa ndiye aliyewaletea mradi. Sheria ya maji ya mwaka 2009 iliifanya jumuiya ya watumia maji kuwa chombo chenye uhai wake kisheria, na ile ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, ikaendeleza msimamo huo. Mwenyekiti wa kijiji akidai mfuko ni wake, mjibuni kwa heshima na kwa kifungu cha sheria.

Someni mita kuu na mita za vituo siku moja. Tangi likitoa uniti 600 na vituo vikauza 380, uniti 220 zimepotea: bomba linavuja, kuna aliyejiunganishia kwa siri, au daftari linadanganya. Tafuteni hadi mpate. Matokeo yabandikwe ubaoni, na mapato na matumizi yasomwe mkutanoni kila robo mwaka, tarakimu kwa tarakimu. Mhasibu anayesema "hali ni nzuri" bila tarakimu akalishwe chini na aulizwe upya.

Msingoje pampu itoe mlio wa ajabu ndipo muitengeneze. Pampu ya mkono ya Afridev iliundwa miaka ya 1980 hapahapa Afrika kwa kusudi moja: mwanakijiji aifungue mwenyewe kwa spana moja na abadilishe mpira uliolika. Mpira huo ni wa bei ndogo. Ukiachwa, akina mama watarudi kwenye dimbwi wanalogombea na ng'ombe, na mtoto ataharisha. Nunueni mipira kabla haijahitajika, na fundisheni zaidi ya mtu mmoja kuibadilisha. Fundi pekee akihamia mjini, anaondoka na bomba lenu.

Lindeni chanzo. Asilime mtu ndani ya mita 60, asioshe pikipiki, asipande mikaratusi.

Pimeni maji, hata yakiwa meupe. Maji yenye dawa yabaki na klorini ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita bombani. Walio Arusha, Manyara na Singida waulize floridi: kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, bali maji yanapopungua sufuriani huizidisha.

Msiite mkutano saa za foleni. Wanawake ndio wachotaji, na saa hizo wako bombani. Mkiamua bei bila wao mmeamua bila walipaji.

Mwisho wa muda wenu, kabidhini daftari, funguo, spana na salio la benki mbele ya mkutano, kwa siku moja, na asiyekuwa na kimojawapo asiondoke hadi aeleze kilipo.