Mimba ya Kwanza na Malaria Isiyo na Homa

Mvua zikishika Kolwezi, maji hutuama kwenye mashimo ya wachimbaji, na mbu wa malaria hupenda hasa dimbwi dogo linalopigwa na jua. Mwanamke aliyekulia mitaa ya huko kama Kasulo au Kapata ameumwa malaria tangu utotoni mpaka mwili umezoea. Vimelea vinaweza kuwemo damuni naye akaenda sokoni kama kawaida. Kisha hushika mimba ya kwanza, na ugonjwa aliodhani ameumaliza unamlaza.

Watu husema mimba imemla nguvu. Kuna ukweli hapo: ili mwili usimkatae mtoto, ambaye nusu yake ni ya baba, kinga hulegeza baadhi ya silaha zake. Lakini sababu kubwa zaidi ni kondo la nyuma. Chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa ili zisipite kwenye wengu, ambako zingeharibiwa. Kinga ya utotoni imejifunza sura zao. Kondo linapoota, vimelea hupata ukuta mpya na kuvaa sura ambayo mwili wa mama haujawahi kuiona. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliokuwa wakichunguza wajawazito magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba vimelea vya kwenye kondo hunata kwenye kitu cha ukuta huo kiitwacho kondroitini salfeti A. Mbele ya sura hiyo, mama wa mimba ya kwanza hana kinga, hata awe ameishi na malaria maisha yake yote. Mimba zinazofuata humkuta na kingamwili. Hatari hupungua, haiishi.

Kibaya ni kwamba vimelea vikijificha kwenye kondo, damu ya kidole inaweza isionyeshe kitu, na homa isiwepo, huku mama akipungukiwa damu na mtoto akikosa chakula. Wengine huzaliwa chini ya kilo 2.5 au kabla ya wakati; wengine hufia tumboni. Ukisubiri homa ndipo uende CPN, yaani kliniki ya wajawazito, umechelewa.

Nenda mara ujuapo una mimba. Kuanzia mwezi wa nne utapewa SP, dawa ya kukinga malaria ambayo wengi bado wanaiita Fansidar: vidonge vitatu kwa mara moja, mbele ya muuguzi, hata kama hujala. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dozi tatu, zikipishana mwezi mmoja au zaidi. Usijinunulie mwenyewe. Kabla ya kumeza, mwambie muuguzi kama unatumia kotrimoksazoli kwa ajili ya virusi vya SIDA, kwa kuwa hizo mbili hazichanganywi, au kama dawa za salfa zimewahi kukudhuru. Mwonyeshe pia vidonge vyako vya asidi foliki: vya miligramu 5 huipunguzia SP nguvu, vya miligramu 0.4 havina shida.

Chandarua chenye dawa ni cha kila usiku, hata kiangazi. Utafiti uliofanywa Gambia na kutolewa mwaka 2000 ulikuta wajawazito wakivuta mbu mara mbili ya wanawake wengine, pengine kwa pumzi na joto lao.

Homa ikija, pimwa siku hiyohiyo; dawa salama ipo hata miezi mitatu ya kwanza. Viganja vikiwa vyeupe, ukishikwa na degedege, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali bila kungoja asubuhi.