Jicho Si Mizani: Kufundisha Usawa wa Uzito

Mara nyingi mashine rahisi hufundishwa kwa kukariri. Mwanafunzi hutaja roda, nyenzo na kabari pasipo kuzitumia hata mara moja kutatua tatizo. Makala haya yanawapendekezea walimu-wanafunzi tatizo moja la fundi, yaani kuchagua mawe mapya ya kusawazisha dirisha la zamani.

Dirisha lenyewe

Dirisha hili, ambalo lilienea Uingereza tangu karne ya 17, halina bawaba. Fremu yenye kioo hupandishwa na kushushwa. Kila upande una kamba ipitayo juu ya roda, na mwishoni mwa kamba huning'inia jiwe la chuma lililofichwa ndani ya mwimo. Roda hiyo haipunguzi uzito. Hugeuza tu mwelekeo wa nguvu. Kwa hiyo kila jiwe halina budi kuwa na karibu nusu ya uzito wa fremu.

Kiini cha tatizo

Jiwe likipotea, fundi asiyepima hutafuta linalofanana na la zamani. Huenda, hata hivyo, kioo kilikwisha badilishwa. Kioo chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 2.5 hivi kwa kila mita ya mraba. Tuchukue kioo chenye eneo la mita za mraba 0.6 na mbao zenye kilo 3.5:

Kioo cha milimita 3: 4.5 + 3.5 = kilo 8; kila jiwe kilo 4.
Kioo cha milimita 5: 7.5 + 3.5 = kilo 11; kila jiwe kilo 5.5.

Mawe ya kilo 4 yakirudishwa kwenye fremu ya kilo 11, fremu yaweza kushuka kwa kishindo juu ya vidole vya mtoto. Hata springi zitumiwazo badala ya mawe huchaguliwa kwa kupima uzito wa fremu kwanza.

Kuendesha somo

Mwalimu wa Songwa, wilayani Kishapu, hahitaji kuwa na dirisha la namna hiyo. Wanafunzi wake, wengi wao wakiwa watoto wa wakulima wa pamba, wanaelewa kwamba mzigo hukadiriwa kwa macho lakini hulipwa kwa mizani. Aanzie hapo.

1. Tundika roda mbili juu ya meza. Funga ubao kwa kamba mbili, na mfuko wa mchanga mwishoni mwa kila kamba. Mikono isiwe chini ya ubao. Usitumie risasi, kwani ni sumu.
2. Kila kundi likadirie uzito wa mchanga utakaohitajika, na kuuandika.
3. Wapime ubao, wagawe kwa mbili, wajaze mifuko, kisha wajaribu.
4. Funga jiwe katikati ya ubao, liwe mfano wa kioo kipya. Waulize: kila mfuko uongezwe kiasi gani?

Katika hatua ya nne mwalimu anyamaze. Wengi wataongeza uzito wote wa jiwe katika kila mfuko, na ubao utapaa. Akiwahi kuwasahihisha, atakuwa amewanyang'anya somo lenyewe, ubao utawasahihisha.

Zoezi

Fremu ya chini hupewa mawe mepesi kidogo kuliko nusu ya uzito wake, na ya juu mazito kidogo. Eleza sababu, kisha andaa maswali matatu yatakayowafikisha wanafunzi kwenye jibu bila kuambiwa.