Vidimbwi vya Damu Ndani ya Ini

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na damu itokayo matumboni hupitia humo kabla ya kuenea mwilini. Katika vijia vyembamba vya damu vya kiungo hicho zimo seli za Kupffer, ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu vipitavyo. Kwa hiyo si rahisi bakteria kupata maskani humo, isipokuwa ulinzi huo umelegea.

Mfano ni Bartonella henselae, bakteria mdogo mwenye umbo la kijiti. Makazi yake ni damu ya paka, ambaye kwa kawaida haonyeshi dalili yoyote ya ugonjwa. Anayemsambaza hasa ni kiroboto, ingawa lawama humwangukia paka: kinyesi cha kiroboto hunasa katika kucha, na mkwaruzo humwingiza bakteria ngozini mwa binadamu. Mtu mwenye afya huvimba tezi za kwapa au za shingo, kisha kwa kawaida hupona bila dawa, kwani seli za kinga humzingira adui na kumfungia ndani ya kifundo.

Kwa mtu ambaye virusi vya UKIMWI vimepunguza seli zake za CD4 hata zikawa chini ya 100 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu, ilhali mtu mzima mwenye afya huwa na 500 au zaidi, mambo huwa mengine kabisa. Hakuna kifundo. Bakteria hujishikiza kwenye seli zilizotanda ndani ya mishipa ya damu, huzichochea zizaliane na huzizuia zisife. Mishipa mipya huchipuka ovyo, na ndani ya ini hutokea vidimbwi vya damu, vingine vidogo kuliko milimita moja, vingine vya sentimita kadhaa. Mgonjwa hushikwa na homa, hukonda na huumwa tumbo.

Vidimbwi hivyo vilijulikana zamani kwa baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu na saratani. Mwaka 1990 watafiti wa San Francisco walichunguza maini ya wagonjwa wanane wenye virusi vya UKIMWI. Walipotia vipande rangi ya madini ya fedha, hadubini ilionyesha mafungu ya bakteria. Spishi hiyo ilipewa jina mwaka 1992, kwa heshima ya Diane Hensel, fundi wa maabara wa Oklahoma.

Bakteria huyohuyo huotesha ngozini vinundu vyekundu vinavyofanana mno na saratani ya Kaposi. Kukosea hapo ni hatari, maana ugonjwa huu hutibika kwa erithromaisini au doksisaiklini, zikitumiwa kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Zikikatizwa mapema, hurudi. Kipande cha nyama kikipimwa kwa hadubini hutofautisha magonjwa hayo mawili. Lakini sindano ikichoma vidimbwi vya ini yaweza kuleta kuvuja damu kwingi, hivyo penye kinundu cha ngozi, daktari hukata hicho kwanza.