Usingoje Joho: Fursa za Mwanafunzi wa Shahada ya Kwanza na Wakati Wake

Mwanafunzi akishapata nafasi chuo kikuu, ukoo mzima hushangilia. Kidato cha sita kimepita, mkopo umetoka au wazazi wamejibana wakapata ada, na kijana huelekeza akili yake kwenye jambo moja: kumaliza. Habari za ufadhili wa masomo, bodi za taaluma na ajira huwekwa kiporo hadi siku ya mahafali. Hapo ndipo mhitimu anapokuta tangazo linalodai GPA (wastani wa alama) asiyoweza tena kuirekebisha, barua ya mhadhiri asiyemfahamu, au vyeti ambavyo majina yake hayalingani na kitambulisho cha taifa cha NIDA.

Fursa za msomi wa shahada ya kwanza zipo, tena nyingi kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Ila kila moja ina wakati wake. Makala haya yanazipanga kwa kufuata miaka ya masomo, kwa mfano wa vyuo vya Tanzania na shahada ya miaka 3. Wanaosoma miaka 4 au 5, kama wahandisi na madaktari, waurefushe mpangilio huu kulingana na programu zao.

MWAKA WA KWANZA: HESABU YA GPA NA MAJINA

Katika vyuo vikuu vyetu GPA huhesabiwa hadi 5.0. Daraja la kwanza huanzia 4.4, daraja la pili la juu 3.5, na daraja la pili la chini 2.7. Namba hizi ndizo zinazofungua au kufunga milango baadaye. Matangazo ya nafasi ya mkufunzi msaidizi, ambayo ni ngazi ya kwanza ya kufundisha chuo kikuu, kwa kawaida hudai GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza. Ufadhili mwingi wa shahada ya umahiri nao huangalia kama umefika daraja la pili la juu.

Sasa tazama hesabu. Mwanafunzi aliyepata wastani wa 2.9 mwaka wa kwanza, akitaka kumaliza na 3.8, atahitaji wastani wa 4.25 katika miaka miwili yote iliyobaki, ikiwa uzito wa masomo ni sawa kila mwaka. Inawezekana, lakini ni mlima. Aliyeanza na 3.6 atahitaji 3.9 tu. Kwa hiyo kauli inayozunguka mabwenini kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira inawagharimu vijana wengi. Somo ulilolirudia kwa mtihani wa marudio huacha alama kwenye transkripti yako, na transkripti hiyo utaambatana nayo maisha yako yote ya kazi.

Jambo la pili la mwaka wa kwanza ni nyaraka. Chukua cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, kitambulisho cha NIDA na usajili wako wa chuo, uviweke mezani pamoja. Je, majina yanafanana herufi kwa herufi? Kama cheti kimoja kinasema Mohamed na kingine Muhammad, au jina la babu limeachwa mahali, anza kurekebisha sasa, ukiwa na muda wa kwenda kwa wakili na ofisi husika. Ukigundua tofauti hiyo siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi, umeshachelewa.

MWAKA WA PILI: FILDI NA KAZI ZA MIKONO YAKO

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wamezoea kuyaita fildi, kwa programu nyingi huchukua wiki 8 hivi katika likizo ndefu ya katikati ya mwaka. Wengi huyachukulia kama sharti la kupata alama. Ukweli ni kwamba huenda zikawa wiki pekee, kabla hujahitimu, ambazo mwajiri atakutazama ukifanya kazi.

Usingoje chuo kikupangie. Miezi mitatu au minne kabla, chukua barua ya utambulisho kutoka idara yako, andika barua fupi inayosema unasoma nini na unataka kujifunza nini, kisha uipeleke kwenye taasisi zaidi ya moja: halmashauri, benki, hospitali, kiwanda, shirika lisilo la kiserikali, ofisi ya mawakili. Usichague mahali kwa sababu tu ni karibu na nyumbani. Chagua mahali ambapo kazi unayotaka kuifanya maishani inafanyika kila siku.

Ukishafika, wahi kazini. Andika kila siku ulichofanya. Ukipewa kazi ya kutoa nakala na kupanga mafaili, ifanye vizuri, halafu muulize msimamizi kwa heshima kama unaweza kukaa naye anapofanya kazi ya taaluma yenyewe. Kabla ya kuondoka, omba barua inayoeleza ulichofanya, na uhifadhi mawasiliano ya msimamizi. Matangazo ya kazi serikalini hudai wadhamini watatu wa kuaminika, na msimamizi wa fildi anayekukumbuka kwa wema anaweza kuwa mmoja wao.

Mwaka huu pia ni wa kuonyesha ubunifu. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ina kituo cha wabunifu cha Buni pale Dar es Salaam. Tangu mwaka 2019 kumekuwa na Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, ambayo yana kundi la wabunifu wa vyuo vikuu. Wenye mawazo ya biashara wajifunze kusajili jina la biashara kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwani huduma hiyo hupatikana mtandaoni.

MWAKA WA MWISHO: UFADHILI WA MASOMO YA JUU

Wengi hudhani lazima wawe na cheti mkononi ndipo waombe ufadhili. Si hivyo kwa kila mpango. Programu za Erasmus Mundus za Umoja wa Ulaya hupokea maombi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ilimradi wawe wamehitimu kabla ya masomo kuanza. Nyingi hufungua maombi kati ya Oktoba na Januari. Anayefadhiliwa hulipiwa ada na hupewa euro 1,400 kwa mwezi. Türkiye Bursları ya Uturuki hufungua maombi mwanzoni mwa mwaka, huwataka waombaji wa umahiri wawe chini ya miaka 30, na hutoa mwaka wa kujifunza Kituruki. Serikali ya China, DAAD ya Ujerumani na Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola nazo zina mipango inayowafikia Watanzania.

Chevening ya Uingereza ni tofauti: hudai uzoefu wa kazi wa angalau miaka 2, na mnufaika hutakiwa kurudi nchini kwao kwa miaka 2 baada ya masomo. Huo uwe mpango wako wa baadaye, na kazi unazozifanya sasa ziwe maandalizi yake.

Karibu ufadhili wote huomba barua za wahadhiri wawili au watatu. Mhadhiri hawezi kumwandikia vizuri mtu aliyemwona katika ukumbi wa watu 400 tu. Kaa mbele, uliza maswali, nenda ofisini kwake saa za kuonana na wanafunzi, na tasnifu yako ya mwisho uifanye kwa bidii chini ya msimamizi anayekujua. Unapoomba barua, mpe mwalimu wako wiki tatu au zaidi, wasifu wako na maelezo ya programu.

KISWAHILI NI MTAJI

Hapa kuna fursa ambayo Watanzania wengi huipita bila kuiona. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukakipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Vyuo vingi vya Marekani na Ulaya hufundisha Kiswahili. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha huwapeleka vijana wenye shahada katika vyuo vya Marekani kufundisha lugha zao kwa mwaka wa masomo, na Kiswahili kimo. Nyumbani, Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, huendesha mafunzo kwa wanaotaka kuwafundisha wageni Kiswahili. Mwanafunzi wa lugha, ualimu au uhusiano wa kimataifa asiyejua haya anaacha mtaji wake nyumbani.

BAADA YA MTIHANI WA MWISHO

Kwa taaluma nyingi shahada ni nusu ya safari. Mhandisi husajiliwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, na anaweza kuingia katika mpango wa SEAP, ambao ni miaka 3 ya kufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu. Mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Mhasibu hufanya mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, inayofanyika Mei na Novemba. Daktari ana mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini. Uliza masharti ya bodi yako ukiwa bado chuoni, upange na fedha zake.

Kazi za serikali huombwa kupitia mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira. Fungua akaunti mapema, jaza taarifa zako kwa utulivu, na usome tangazo lote hadi mwisho. Matokeo ya muda na hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita havikubaliwi mahali pa cheti. Kwa asiye na uzoefu, TaESA, kitengo cha serikali cha huduma za ajira, husimamia mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu.

Na mkopo wa masomo? Ni deni halali. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Uingize makato hayo katika hesabu zako za maisha tangu mshahara wa kwanza.

JIHADHARI NA MATAPELI

Kuomba kazi kwenye Ajira Portal ni bure. Kuomba Chevening au Türkiye Bursları ni bure. Yeyote anayekutaka utume pesa ya fomu, ya usaili au ya kuwekewa nafasi kwa namba ya simu anakuibia. Tangazo ulilolipata kwenye kundi la WhatsApp lisome upya kwenye tovuti rasmi ya taasisi yenyewe kabla ya kutuma nakala ya pasipoti au kitambulisho chako.

Wiki hii, linganisha majina ya vyeti vyako, piga hesabu ya GPA unayoihitaji, na mtembelee mhadhiri mmoja ofisini kwake. Wazazi, wahadhiri na viongozi wa serikali za wanafunzi, wafikishieni taarifa hizi wanafunzi wanaoanza, na msisubiri wahitimu. Kijana aliyeelezwa mapema hupata muda wa kujiandaa, na muda huo hakuna chuo kitakachomrudishia akishavaa joho.