Nani Kapaki Tangu Asubuhi? Somo la Maegesho Kutoka Kariakoo

Ukimsikia mtu anasema Kariakoo hakuna pa kupaki, muulize saa ngapi. Nenda Jumapili saa 12 asubuhi, mtaa mzima ni wako, chagua upande unaoutaka. Rudi Jumatatu saa 5, utazunguka Mkunguni, utokee Swahili, uingie Narung'ombe, urudi ulikotoka, na bado hujapata pa kuiweka gari. Mitaa ni ileile, na hakuna aliyekuja usiku kuipunguza upana.

Najua wengi wetu hapa chuoni hatuna gari, na pengine unajiuliza mada hii inatuhusu nini. Inatuhusu. Sisi tunaokwenda kwa miguu ndio tunaopita katikati ya barabara kwa sababu pembeni pamejaa. Halafu sisi wa ualimu tuna shida yetu ya kila siku: mwanafunzi anayeuliza "mwalimu, hesabu hii itanisaidia nini maishani?" Maegesho ya Kariakoo ni jibu zuri, maana ndani yake kuna kuzidisha, asilimia, na hata ile mada ya mfululizo wa kijiometri ambayo huwa tunaifundisha kwa mifano ya kuchosha.

Kwanza historia kidogo. Jina Kariakoo limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Yaani ni sehemu iliyopewa jina na watu wa kubeba mizigo, na mpaka leo haijabadilisha kazi. Mitaa yake ilichorwa iliyonyooka, inayokatana, na viwanja vidogo vya nyumba za Kiswahili: nyumba ya chini, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma. Mtaa wa namna hiyo uliitosha nyumba yenye familia tatu nne na baiskeli moja. Sasa kwenye kiwanja kilekile limesimama ghorofa, na kila sakafu ina maduka yenye vyumba vidogo kama kabati. Chini ya ardhi, ambako gari lingeweza kuingia, mara nyingi ni stoo au maduka mengine tena. Nyumba moja imekuwa maduka mia, lakini barabara ya mbele yake haikuongezwa hata hatua moja. Hapo hata kama kila mtu angekuwa mstaarabu, nafasi zisingetosha kwa kila anayekuja kukaa siku nzima. Neno la kuangalia hapo ni "kukaa".

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano, chukua za mtaa unaoujua uweke badala yake. Tuseme kipande cha mtaa kina urefu wa mita 120. Gari linalopaki sambamba na ukingo linahitaji kama mita 6, pamoja na nafasi ya kuingia na kutoka. Upande mmoja unabeba magari 20, pande mbili 40. Toa kona, milango, mahali pa mikokoteni na meza za machinga, tubaki na nafasi 30. Biashara kali ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, yaani saa 8. Zidisha 30 kwa 8, unapata 240. Hizo niziite nafasi-saa, na ndizo mali halisi ya mtaa. Wengi tunahesabu zile 30 tu tukaishia hapo.

Sasa magari 20 yafike saa 3 na yasiondoke mpaka jioni. Yamekula nafasi-saa 160. Zimebaki 80. Mteja anayekuja kuchukua mzigo akikaa nusu saa, hizo 80 zinahudumia wateja 160. Jumla ya magari yaliyotumia mtaa siku hiyo ni 180. Yaondoe yale 20 ya kutwa. Usijaze mtaa wote, acha asilimia 15 iwe wazi ili anayefika asizunguke. Unabaki na nafasi-saa 204, na kwa nusu saa kila mmoja ni magari 408. Mtaa ni uleule, hujabomoa nyumba wala hujajenga jengo la maegesho. Magari 20 yamehama, na nafasi imepatikana kwa mengine 228 zaidi ya mwanzo.

Swali linalofuata ni hayo 20 ni ya nani. Hapa ndipo mjadala wa maegesho huwa unaharibika, maana tunapenda kuwalaumu wageni: wa mikoani na makirikuu yao, bodaboda, bajaji, machinga. Mgeni wa Morogoro hana sababu ya kukaa saa 8 Kariakoo. Anataka mzigo, risiti, na barabara. Anayeshinda pale kutwa mara nyingi ni mwenye duka.

Nina shangazi anayeuza vyombo vya jikoni huko, sufuria, hotpoti, seti za vikombe. Ada yangu ya chuo sehemu yake imetoka kwenye hizo sufuria, kwa hiyo sizungumzi kama adui wa wafanyabiashara. Gari lake linakaa mbele ya duka tangu asubuhi mpaka anafunga. Siku moja nilimuuliza, "Shikamoo shangazi, hivi gari likikaa hapa kutwa, wateja wako wanapaki wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kwani nikiliondoa, mteja wangu ndiye atakayepata hiyo nafasi? Si atapaki jirani yangu?"

Nilitafuta jibu sikulipata pale pale, kwa sababu yuko sahihi. Akiondoa peke yake, amejiadhibu bure. Jirani naye anawaza hivyohivyo. Wote wawili wanakubaliana kwamba mtaa ukiwa wazi wateja wangeongezeka, na wote wawili hawatoi gari. Hii siyo tabia mbaya ya mtu mmoja. Ni jambo linalohitaji kanuni inayowagusa wote kwa siku moja, kama vile hakuna anayesubiri kwenye taa nyekundu kwa hiari huku wenzake wanapita.

Na alinipa sababu nyingine ambayo watu wa mipango wasiotembea sokoni huwa wanaisahau. Jioni anaondoka na hela za mauzo. Kumwambia atembee mpaka pembezoni mwa soko na mkoba ule, giza likiingia, ni kumwambia aibiwe. Kanuni yoyote isiyojibu hilo, akina mama wataikataa, na watakuwa na haki.

Tatizo hili si geni duniani. Mita ya kwanza ya maegesho iliwekwa Oklahoma City, Marekani, mwezi Julai 1935, kwa kazi iliyoongozwa na Carl Magee. Malalamiko yaliyoileta ni yaleyale ya Kariakoo: wafanyakazi wa maduka na ofisi za katikati ya mji walikuwa wanapaki asubuhi na kuondoka jioni, mteja akija anakuta pamejaa. Wakaweka mashine ya senti 5 kwa saa. Mwanzoni zilikuwa upande mmoja wa barabara, na haikuchukua muda wenye maduka wa upande wa pili wakataka na wao wawekewe, maana waliona wenzao wanapata wateja. Kwa hiyo mita haikubuniwa kwa ajili ya kujaza mfuko wa serikali. Ilibuniwa ili kumwondoa anayekaa sana. Mapato yalikuwa faida ya juu yake.

Ukilifahamu hilo, utaiangalia ada ya maegesho kwa jicho lingine. Kwetu ushuru wa maegesho ya barabarani umewahi kusimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, na siku hizi unalipa kwa simu kwa kumbukumbu namba badala ya kumpa mtu noti mkononi. Hiyo ni hatua nzuri. Ninachojadili hapa ni mpangilio wa bei. Tuseme, kwa mfano tu, saa moja ni shilingi 500 na siku nzima ni 2,500. Mteja wa saa moja analipa 500 kwa saa. Anayekaa saa 10 analipa 250 kwa saa. Anayekaa sana ndiye tunayempa punguzo! Kwa mtu anayetaka kukusanya hela bila usumbufu, bei ya siku inapendeza. Kwa mtu anayetaka mtaa upumue, ni kinyume cha dawa.

Geuza. Saa ya kwanza 500, ya pili 1,000, ya tatu 2,000, kila saa mara mbili ya iliyotangulia. Hapo ndipo mfululizo wa kijiometri unapoingia darasani. Saa tatu jumla ni 3,500. Waambie Kidato cha Tatu watafute jumla ya saa 10, watapata shilingi 511,500, na hapo hata mwenye V8 atashuka kukimbilia funguo. Sisemi tuitumie hivyohivyo, ni chumvi ya darasani. Lakini mwelekeo ndio huo: saa ya kwanza iwe rahisi, zinazofuata zipande.

Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia maisha yake kufundisha jambo hili, na mwaka 2005 alitoa kitabu kinene kuhusu gharama kubwa ya maegesho ya bure. Kanuni yake unaweza kumweleza mtoto: bei sahihi ni ile ya chini kabisa ambayo bado inaacha nafasi moja au mbili wazi kila mtaa. Mtaa ukijaa, pandisha kidogo. Ukiwa mtupu, shusha. San Francisco walijaribu hivyo kuanzia mwaka 2011. Bei ikawa tofauti kwa mtaa na kwa muda wa siku, ikapanda kwingine na kushuka kwingine. Hiyo ya kushuka ndiyo ningependa isikike, kwa sababu hapa kwetu tukisikia "mabadiliko ya ushuru" tunajua moja tu.

Utaniambia bei inamuumiza mnyonge. Mnyonge yupi? Kariakoo wengi wanakuja na mwendokasi, daladala, au miguu yao. Anayesukuma mkokoteni wa magunia hana gari, na ndiye anayetukanwa magari mawili yakipaki ubavu kwa ubavu yakabakiza upenyo wa bodaboda. Soko lile liliungua Julai 2021, kwa hiyo habari ya gari la zimamoto kuhitaji njia siyo nadharia. Mtu ninayemwonea huruma kwenye hili ni mwenye kirikuu anayefuata mzigo mdogo kwa ajili ya duka la kijijini, na yeye ndiye hasa anayefaidika nafasi ikipatikana ndani ya dakika tano.

Ningeanza na mtaa mmoja tu, na kwa miezi michache. Kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, mwisho wa kupaki ni saa mbili. Kuanzia saa 11 jioni, ruksa: shangazi anatuma kijana alete gari kutoka kiwanja cha kulipia cha pembezoni, anafunga duka gari likiwa mlangoni. Magari makubwa ya mizigo yashushe usiku, na hapo ule mpango wa kufanya biashara saa 24 unasaidia badala ya kuwa kaulimbiu. Sehemu ya mapato irudi mtaani penyewe kwa macho ya watu, kwenye taa, mifuniko ya mitaro, kufagia. Mji wa Pasadena huko California ulifanya hivyo kwenye eneo lake la zamani kuanzia mwaka 1993, na wafanyabiashara waliokuwa wanaogopa mita walilainika walipoahidiwa kwamba hela itabaki kwao.

Wapo pia wale vijana wanaotuonyesha nafasi, "njoo bosi, njoo, kata kushoto, hapo hapo." Wanajua kila gari la mtaa, limefika saa ngapi, limewekwa nyutro au la, na mwenyewe yuko duka gani. Hakuna kamera inayojua hayo yote. Kuwafukuza ni ujinga. Wapewe kizibao, kazi ya kuandika muda wa kufika, na malipo yanayoeleweka.

Kwa mwalimu mwanafunzi anayekwenda mazoezi ya kufundisha mjini, na kwa yeyote mwenye shaka na hoja yangu, kipimo ni rahisi. Chagua siku ya kawaida, Jumanne au Jumatano. Jitambulishe kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na wenye maduka, la sivyo watadhani mmetumwa na TRA. Gawa wanafunzi wawili wawili, kila kundi upande mmoja wa kipande kimoja cha mtaa. Hesabuni nafasi. Kila nusu saa piteni mwanzo hadi mwisho mkiandika herufi tatu za mwisho za namba ya kila gari lililosimama, bila majina ya watu na bila picha. Safu za kulala ziwe nafasi, za kusimama ziwe muda. Mwisho wa siku gawanyeni idadi ya magari tofauti kwa idadi ya nafasi, mpate kila nafasi ilihudumia magari mangapi. Kisha chukueni kalamu nyekundu mkazungushie herufi zinazojirudia kuanzia saa 3 mpaka saa 11.