Jina Lako Kwenye Aproni

Muhula uliopita, mshkaji ninayeishi naye geto moja hapa Cheyo alimtumia mtu asiyemjua shilingi 180,000 ili ashonewe aproni. Naomba msianze kucheka. Mimi nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba ndani ya hizo 180,000 kulikuwa na 60,000 zangu. Nilimkopesha siku mbili kabla, aliponiambia ni za kuchapisha ripoti ya fildi.

Ilianza na tangazo. Mnayajua wote. Yamebandikwa kwenye nguzo za umeme, kwenye vibanda vya kutolea pesa, mengine kwenye mashina ya miembe kabisa: jiunge na Frimasoni upate mali, nyota na gari, piga namba hii. Huwa tunapita tu. Yeye safari hii hakupita. Bumu lilikuwa limechelewa, mama yake alikuwa anaumwa nyumbani Kisarawe, na yeye ndiye kifungua mimba. Akapiga. Akapokelewa na sauti ya upole, ya mtu mzima, ikamwambia wakuu wamelikubali jina lake na kilichobaki ni vazi. Aproni ya sherehe, yenye jina lake mwenyewe, kwa sababu bila hiyo mlango haufunguki. Kesho yake akatumiwa picha: aproni nyeupe, ukingo wa buluu, jicho katikati, na chini ya jicho majina yake matatu kwa uzi wa dhahabu.

"Mtani, ona," akaniambia usiku ule, simu ameishika kwa mikono miwili. "Wameshanishonea."

Ananiita mtani kwa haki. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na utani wetu ni wa tangu enzi za misafara, babu zangu walipokuwa wanashusha pembe za ndovu pwani na babu zake wanawasubiri njiani. Nikamtania sana usiku ule. Kumsaidia sikumsaidia. Pesa ilikuwa imeshakwenda, na alipoambiwa aongeze 90,000 za "kusafirisha vazi", ndipo nilipokaa chini kusoma hii aproni ni kitu gani. Nimeyaandika hapa kwa sababu najua hatukuwa wawili tu.

Tuanze na kazi yenyewe. Neno hilo la Kiingereza maana yake ni mwashi huru, na mwashi ni fundi wa kuchonga na kujenga mawe. Mafundi wa Ulaya waliojenga makanisa makubwa walivaa ngozi kiunoni ili mawe na patasi zisiwararue nguo. Baadaye watu wasio mafundi, mabwana na wasomi, wakaanza kuingia katika vyama vile, na mwaka 1717 loji nne za London zikaungana kuunda Loji Kuu ya kwanza. Patasi ikabaki kuwa mfano wa maneno, lakini ile ngozi ikabaki kiunoni. Kwa hiyo aproni ni nguo ya kazi iliyogeuka nguo ya sherehe. Anayeanza hupewa nyeupe tupu, ya ngozi ya mwanakondoo. Haina ua wala utepe wala maandishi.

Kwa utaratibu wa Kiingereza, ambao ndio uliotangulia kuja Afrika Mashariki, kila hatua inasomeka kwenye vazi. Wa kwanza ana nyeupe tupu. Wa pili anaongezewa maua mawili ya utepe wa samawati pembe za chini. Wa tatu, aliyekamilika, ana maua matatu, ukingo wa samawati na vishada viwili vya minyororo saba saba. Aliyekwisha kuwa mkuu wa loji anavuliwa maua, mahali pake panawekwa alama tatu za fedha mfano wa herufi T iliyopinduliwa. Viongozi wa ngazi za juu wanavaa buluu iliyoiva, na alama ya cheo chao inakaa katikati. Hata vipimo vimewekwa: upana kati ya inchi 14 na 16, urefu kati ya 12 na 14.

Kuna kitu kimoja kilimtisha sana mtani wangu, nyoka. Mkanda wa aproni za Kiingereza unafungwa kwa kishikizo cha chuma chenye umbo la nyoka aliyejikunja kama herufi S. Yeye alilala macho kwa ajili ya huyo nyoka. Kumbe kishikizo kilekile kilikuwa kwenye mikanda ya askari wa Uingereza karne ya 19, na kwenye mikanda ya kawaida ya suruali za watoto wa shule. Ni bidhaa ya kiwanda. (Nilimwambia hivyo saa nane usiku. Akajibu, "Basi hata wanafunzi walikuwa wanachama." Mzaramo ni Mzaramo.)

Sasa twende kwenye jina, maana ndilo lililomtoa pesa. Ukiangalia hizo ngazi nilizozitaja utaona mbele ya aproni hapana nafasi ya jina la mtu. Pana nafasi ya hatua na cheo. Mwenye aproni yake huandika jina ndani, chini ya kile kifuniko cha pembetatu, au kwenye mkoba wa kuibebea, kama tunavyoandika majina kwenye kola za mashati bweni. Marekani wana desturi ya ziada: loji nyingi humkabidhi mwanachama mpya aproni ya ngozi iwe yake moja kwa moja, aitunze, na siku akifa azikwe nayo. Jina na tarehe huwekwa humo. Lakini anakabidhiwa ukumbini, mbele ya watu, akiwa ameshaingia.

Zamani mambo yalikuwa huru zaidi. Karne ya 18 kila mtu alijipambia yake: wengine walichora kwa rangi, wengine walidarizi hariri, nguzo, jua, mwezi, jicho, hadi upendavyo. Ile ya George Washington ni ya namna hiyo. Alitumiwa mwaka 1782 kutoka Nantes, Ufaransa, na wafanyabiashara wawili, Watson na Cassoul, imedariziwa kwa ajili yake, na hadi leo inatunzwa na loji ya Alexandria, Virginia. Loji Kuu mbili za Uingereza zilipoungana mwaka 1813, wakaona mapambo yamezidi, wakaweka mfano mmoja wa kufuatwa na wote. Waskoti hawakubanwa hivyo: huko kila loji inajichagulia rangi yake, wengine hata kitambaa cha mirabaraba cha ukoo. Ni rangi ya loji, lakini. Mtu mmoja hachagui.

Mfano niliopenda zaidi ni wa Voltaire, yule mwandishi Mfaransa. Aliingizwa Paris mwezi Aprili 1778, akiwa mzee wa miaka 83, wiki chache kabla ya kufa. Hawakumshonea mpya. Walimvika aproni ya Helvétius, mwanafalsafa aliyekwisha kufariki, na inasimuliwa kwamba aliibusu kwanza. Mtu maarufu kuliko wote chumbani, na vazi alilovaa lilikuwa la mwingine.

Nilipofika hapo nikamkumbuka kirangozi. Wenzangu wa historia mtanisahihisha, ila Burton, aliyefika Kazeh, yaani hapahapa Tabora, mwaka 1857, amemwelezea vizuri: kiongozi wa msafara alitembea mbele na kitambaa chekundu chenye tundu la kupitisha shingo, kichwani ngozi ya mbega na manyoya ya ndege. Mtu akimwona kutoka mbali, hata kama hamjui, alijua msafara umekuja na wa kuulizwa ni nani. Mtemi naye alikuwa na kibangwa, kile kisahani cheupe cha kombe kilichosafirishwa kutoka baharini hadi huku bara. Unyamwezi ulikuwa na vyama vyake vya siri pia, Waswezi, na Wayeye wa nyoka, wenye mavazi na shanga zao. Sisi si wageni wa jambo hili. Kote huko vazi lilisema kazi ya mtu, na hukuvishwa kabla hujaiingia.

Hata kanga, ambayo maandishi yake tunayaita jina, haina jina la mvaaji.

Basi nikachukua ile picha nikaenda nayo kwa mama mmoja fundi, anayetudarizia majina kwenye skafu za mahafali. Sikumwambia habari yote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Skafu?"

"Hapana mama. Naomba uniangalizie ushonaji wa hii."

Akavaa miwani, akaivuta picha kwa vidole viwili, akakaa kimya kidogo. Kisha akacheka kwa pua. "Hii haijapita kwenye cherehani. Uzi ukiingia kwenye kitambaa laini lazima ukivute, patajikunja kidogo pembeni ya herufi. Hapa pamelala kama karatasi. Na ona huku, kitambaa kimekunjwa, herufi haikukunjwa. Jina limeandikwa juu ya picha."

Dakika mbili. Mimi nilikuwa nimesoma siku nne.

Nikirudi kwenye picha na yale niliyosoma, makosa yalikuwa yamejaa. Ina maua matatu na vishada, yaani ni ya mtu aliyemaliza hatua zote, wakati mwenzangu hata mlango hajauona. Jicho lenyewe si uongo, lipo kwenye baadhi ya aproni za Marekani, lakini limebandikwa juu ya aproni ya Kiingereza isiyokuwa nalo. Na hata kama ingekuwa halisi isingethibitisha chochote. Pale London, mtaa wa Great Queen, mkabala na jengo lao kuu, kuna maduka yanayouza mavazi haya mpaka dirishani. Mwenye pesa ananunua. Kwa hiyo na zile picha za mastaa waliovalishwa aproni, zinazosambazwa kwenye magrupu yetu, tuzipokee kwa akili hiyohiyo.

Kuhusu kujiunga kwenyewe sina maneno mengi, na simshawishi mtu. Kanisa Katoliki linakataza tangu mwaka 1738, na wenye imani hiyo wana jibu lao tayari. Ila utaratibu wao unajulikana. Hawabandiki matangazo kwenye nguzo. Mtu anaomba mwenyewe, anapendekezwa na mwanachama anayemfahamu na kuungwa mkono na mwingine, kisha wanapiga kura. Ada ipo, hakuna anayelipwa kuingia. Na siku ya kuingizwa mwombaji huvuliwa pesa na kila chenye madini alichonacho, saa, pete, sarafu, ili aingie hana kitu. Mtani wangu alipolisikia hili alinyamaza kwa muda mrefu. Yeye alikuwa ameambiwa atangulize.

Nawalaumu hao wakubwa kidogo. Jengo lao la Dar es Salaam liko Sokoine Drive, mchana kweupe, lakini kimya chao cha miaka mingi ndicho kilichowapa matapeli nafasi ya kuuza wanachotaka. Aliyejaribu kusema wazi ni marehemu Sir Andy Chande, aliyefariki mwaka 2017. Huyu alikuwa kiongozi wao Afrika Mashariki kwa miaka mingi, alizungumza na waandishi wa habari bila kujificha, na aliandika kitabu cha maisha yake. Kwenye jina la kitabu kuna Bukene. Ndiyo, Bukene hiihii ya Nzega, unapita hapo ukipanda treni ya Mwanza. Huko ndiko alikokulia, dukani kwa baba yake. Mali ya ukoo wake ilitokana na biashara na vinu vya unga, na mwaka 1967 vinu vikataifishwa, naye akabaki kuviendesha kwa niaba ya serikali. Kama aproni ingekuwa inaleta mali au kuilinda, sijui kwa nini haikufanya kazi mwaka huo.

Mwenzangu hakutuma zile 90,000. Alitaka, nisimpambe. Siku ya mwisho aliniomba simu yangu kwa sababu yake haikuwa na salio, nikamnyima, tukagombana kwa sauti hadi mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Asubuhi alimpigia mama yake Kisarawe akamweleza yote. Sijui waliongea nini. Aliporudi ndani alikuwa amelia, akaniomba nimsindikize kituoni kuripoti. Tukaenda, tukaandikisha, tukapewa namba ya kumbukumbu.

Deni langu analilipa elfu tano tano, zimebaki 35,000. Wiki iliyopita nilipita kwenye ile nguzo. Karatasi ya zamani imechanwa, na juu yake imebandikwa mpya, ya namba nyingine, gundi bado mbichi. Niliibandua, ikaniachia nusu mkononi.